Meno Yaliyopiga Saksafoni ya Papa Birindwa

Wanangu mnaoanza kazi ya meno, ikitokea mkaiona ile santuri ya Papa Birindwa, angalieni kwanza picha ya jalada. Mzee amesimama kando ya barabara hapa Troyeville, Johannesburg, saksafoni yake ya tenor, ile kubwa yenye shingo iliyopinda, imemning'inia kifuani, na anacheka mpaka unaweza kumhesabia meno. Meupe, yamenyooka, hakuna lililomzidi mwenzake. Niliyatengeneza mimi kwa mikono yangu na nayaonea fahari mpaka leo. Lakini meno hayo mnayoyaona hayakupiga hata noti moja ndani ya santuri ile. Yaliyopiga ni mengine, mabaya ajabu, moja limerudi nyuma na jingine limelala upande. Hayo nayo niliyatengeneza mimi, na fahari yake ni kubwa zaidi.

Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwafaa kazini. Mimi nimestaafu, nina nafasi, na napenda kusikilizwa, kwa hiyo mmejitakia wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana ndugu zangu wa Tanga mpaka leo wananitangaza kuwa daktari. Daktari anatibu, anang'oa, anashona. Sisi tunakaa chumba cha nyuma na nta na plasta na tupa, tunatengeneza kile ambacho mgonjwa atakwenda nacho nyumbani mdomoni. Mgonjwa akifurahi anamshukuru daktari. Akiumia anatutafuta sisi. Zoeeni mapema.

Niliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa uani. Nilikuja Johannesburg nikimfuata mume wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na kwa kuwa sikuweza kukaa bure nikawa napamba maharusi, nawachora piko mikononi na miguuni. Kwenye harusi moja alikuwepo mzee wa Kireno aliyezaliwa Msumbiji, Senyor Ameriku, mwenye karakana ya meno ya bandia kule Rosettenville. Alimshika bibi harusi mkono, akauleta karibu na miwani, akauliza nani amechora. Wakanionyesha. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza kama mkono wangu hutetemeka nikiwa na njaa. Nikamwambia nikiwa na njaa hutetemeka aliye karibu nami. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nachonga jino la nta.

Senyor Ameriku alikuwa na hasira za karibu na mapenzi ya mbali, lakini kitu kimoja alichonifundisha kinatosha kumwombea dua kila siku. Alikataa kabisa kutengeneza meno ya mtu aliyenyamaza. Mgonjwa akija kujaribisha meno ya nta, mzee alimwambia aseme, ahesabu, atafune mkate, acheke. Asipocheka, mzee alimsimulia habari za mama mkwe wake mpaka acheke, na huku anacheka yeye anachungulia midomo inapandia wapi na ulimi unagonga wapi. "Akifumba mdomo," alikuwa akiniambia, "utatengeneza meno ya picha ya kitambulisho."

Nilimsikia, ila kusikia na kushika ni mambo mawili. Katika kazi zangu za mwanzo nilimtengenezea mchungaji mmoja wa Kikongo meno ya juu, nikafanya haraka haraka, nikamwachia aende bila kusema naye sana. Jumapili akapanda kwenye mimbari. Kila alipofika kwenye herufi ya "s" alipiga mluzi. Na mahubiri ya siku ile, kwa bahati yangu, yalikuwa ya Yesu na Petro na samaki. Watoto wa safu ya nyuma walianza kumjibu kwa miluzi. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwetu kabla hatujafungua, na Senyor Ameriku alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la plasta. Nikayasugua yale meno kwa nyuma, punje kwa punje, huku mchungaji akisema "Yesu, Yesu, Yesu" mbele yangu mpaka mluzi ukafa.

Na mzee naye nilimfundisha. Alikuja mama mmoja wa Unguja aliyepoteza meno ya mbele, na alikuwa na mwanya tangu kuzaliwa, mwanya ambao mumewe alikuwa akiutungia mashairi. Senyor Ameriku, kwa wema wake, akauziba. Alidhani amemfanyia hisani. Yule mama alijitazama kwenye kioo, machozi yakamtoka. Mzee akanigeukia, hajui amekosa nini. Nikamweleza kwamba kwetu mwanya ni uzuri, watu wanautamani, na ukimwondolea mwanamke mwanya ni kama umemnyoa nyusi. Alishangaa sana. Tangu siku hiyo kila mgonjwa kutoka pwani alipokuja, mzee aliuliza kwanza, "Na shimo, unataka shimo?"

Nyinyi leo mnaingiza kamera ndogo mdomoni, picha inatokea kwenye kompyuta, mashine inachapisha jino huku mnakunywa chai. Msidhani nawaonea gere. Mashine yenu naipenda, haichoki, haivuti sigara kwenye plasta, wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjabonyeza kitufe, mwacheni mtu aseme. Mwulizeni mdomo wake unafanya kazi gani. Mimi sikumwuliza Papa Birindwa.

Wakati huo Senyor Ameriku alikwisha kufariki na mimi nilikuwa na karakana yangu mwenyewe Troyeville, mlango mmoja na fundi cherehani wa Kirundi. Papa Birindwa alikuja akiwa na mkewe, Mama Furaha, na mkewe ndiye aliyesema yote. Ni watu wa Bukavu. Yeye Mama Furaha ni msusi, na mumewe alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi Braamfontein, mzee mrefu, mpole, ambaye siku ile alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Ufizi ulikuwa umemfanya jipu, uso ukavimba, hospitali wakamng'oa meno ya mbele ya juu kwa haraka ili kumwokoa. Hakuna aliyepata nafasi ya kuchukua chapa ya meno kabla hayajatoka. Kwa hiyo sikuwa na lolote la kunionyesha yalivyokuwa.

"Mama Zubeda," Mama Furaha akaniambia, "umutengenezee meno ya muntu mukubwa. Ile ya zamani ilikuwa inaangaliana kama bantu benye banagombana. Atafanya albamu, picha yake itaenda kila fasi. Nataka acheke vizuri."

Nikauliza albamu gani. Hapo leso ikashuka kidogo, na mzee akaniambia kwa mara ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe kwamba anapiga saksafoni. Miaka yote aliyoishi Johannesburg alipiga nyuma ya watu wengine: kanisani, kwenye harusi, kwenye bendi za hotelini. Nyimbo zake mwenyewe zilikuwa kichwani tu. Sasa Sipho, mpiga drams, kijana wa Soweto aliyekiokota Kiswahili chake kwa wanamuziki wa Kikongo, alikuwa amepata chumba cha kurekodia Braamfontein kwa Jumamosi moja. Mpiga tarumbeta wao alikuwa anaondoka baada ya hapo kwenda kupiga muziki kwenye meli, na haijulikani atarudi lini. Ni Jumamosi hiyo au basi.

Ningepaswa kumwambia palepale akalete saksafoni yake. Badala yake nilimsikiliza mkewe, na mkewe alijua anachotaka, na mimi napenda mteja anayejua anachotaka. Nikatengeneza meno mazuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Rangi nilichanganya mara kadhaa mpaka ikaafikiana na meno yake ya nyuma. Siku aliyoyavaa, Mama Furaha alipiga vigelegele mlangoni mpaka fundi cherehani akatoka na futi ya kupimia shingoni. Sipho alikuwepo, akamsimamisha mzee kando ya barabara, akampiga ile picha ya jalada. Jumapili Mama Furaha akamtembeza kanisani kwa kila mtu, akimwambia, "Cheka, Papa. Cheka waone." Tulikuwa tumefurahi sote.

Siku chache baadaye mzee akarudi peke yake. Aliketi, akaweka kofia yake ya ulinzi magotini.

"Mama Zubeda, hii meno iko muzuri," alisema. "Nakushukuru sana. Lakini saksafoni inaikatala. Napuliza, na sauti inatoka, lakini ni ya muntu mwingine."

"Mtu gani?"

Akafikiri kidogo. "Sijue. Muntu mwenye anatumika ku banki."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Akaniambia amekwisha kumwambia Sipho atafute mpigaji mwingine, awape nyimbo zake wazirekodi, maana ni nyimbo nzuri na haifai zife. Yeye atakaa asikilize. Alilisema hilo kwa utulivu, huku anaigeuza kofia. Mtu amesubiri umri mzima, halafu nimemfungia mlango kwa meno mazuri.

Sipho naye akaja mchana uleule, amekasirika lakini kwa adabu. "Eish, Mama," akaniambia. "Mpigaji mwingine wapi? Nyimbo ni zake. Mwingine akipiga, itakuwa nyimbo tu."

Nikamwambia Sipho kwamba yeye na mzee waache kuzungumza kama watu wa msibani, na kesho mzee aje na saksafoni.

Sasa lazima niseme ukweli kuhusu muziki wenyewe. Mimi nimekulia taarabu. Jazz niliijua ya kupita tu, kwenye redio za watu. Hii ya Papa Birindwa wanaiita hard bop, na mara ya kwanza kuisikia nilidhani wanagombana. Tarumbeta na saksafoni zinaanza pamoja, zinasema maneno yaleyale kwa kasi, kisha kila mmoja anapewa nafasi aliseme jambo lile kwa namna yake, na nyuma drams hazimwachi apumzike, zinamsukuma, zinamchokoza, zinamwambia sema tena, hukusema yote. Ndani yake kuna kanisa na kuna huzuni, ila huzuni yenye nguvu za kusimama. Ukishaielewa huwezi kukaa bila kutikisa mguu. Nilichelewa kuielewa, na nawaonea wivu nyinyi mtakaoanza mapema.

Basi mzee akaja, akasimama katikati ya karakana kati ya benchi langu na beseni la plasta, akapuliza. Tatizo la kwanza nililiona kabla sijalisikia. Mpiga saksafoni anayaegemeza meno ya juu kwenye kile kipande cheusi cha mdomoni ambacho wenyewe wanakiita mausipisi. Uzito wote wa taya unakuja hapo. Meno yangu mazuri yalikuwa yameshikwa na vibanio viwili vya waya tu, kwa hiyo kila alipobana, mbele yalizama na nyuma yakanyanyuka. Yalikuwa yanacheza bembea. Hilo nililitibu: nikatengeneza bamba jembamba la chuma linalokaa kwenye kaakaa, na miguu midogo ya kukanyagia meno yake ya nyuma, ili uzito ugawanyike. Daktari wa meno niliyefanya naye kazi Braamfontein, mwanamke mmoja hodari na mcheshi, akamwangalia fizi kuhakikisha haziumii, akaniambia endelea.

Bembea ikaisha. Mzee akapuliza. Sauti ikatoka imara, safi, na bado ni ya yule mtu wa benki.

Tulitazamana. Jumamosi ilikuwa imekaribia sana. Akaivua saksafoni, akaanza kuifuta taratibu anavyofanya siku zote, akang'oa ile mausipisi akaiweka kwenye benchi langu, karibu na taa. Nami, kwa mazoea tu ya mtu asiyeweza kuacha kitu bila kukishika, nikaiokota.

Juu yake, pale meno yanapokaa, palikuwa na vishimo viwili. Kimoja kirefu, kimechimbika ndani. Kingine kifupi, kimekaa kando na kimeelekea upande, kana kwamba jino lenyewe lilikuwa linachungulia dirishani. Wapigaji wengi hubandika kipande cha mpira pale juu ili wasiharibu. Papa Birindwa hakuwahi kubandika, alisema mpira unamnyima kusikia mtetemo kichwani. Kwa hiyo miaka yote hiyo, jioni kwa jioni, meno yake yalikuwa yanachimba nafasi zao wenyewe.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Ah, hiyo ni kuzeeka tu. Ntanunua ingine."

Wanangu, nilipiga kelele. Fundi cherehani alikuja mbio akidhani nimejikata. "Ukinunua nyingine nitakuitia polisi," nikamwambia mzee. Nilikuwa nimetafuta chapa ya meno yake kila mahali, na kumbe alikuwa nayo mwenyewe, kila Jumapili anakwenda nayo kanisani.

Nikamimina ndani ya vile vishimo ule mpira laini tunaochukulia vipimo, nikaungoja ushike, nikauchomoa. Ncha za meno yake mawili zikatoka, zilivyokuwa, na uelekeo wake. Nikazipachika kwenye nta, nikajenga meno mengine kuzifuata. Jino la kushoto likarudi nyuma. La kulia likalala. Kati yake pakabaki mwanya mdogo uliopinda, ambao hata mume wa yule mama wa Unguja asingeutungia shairi. Mkono wangu ulikuwa unakataa. Miaka yote nilijifunza kunyoosha, na sasa nakaa napindisha kwa makusudi, napima upotovu kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupima unyofu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mzee alipoyavaa nikampa kioo. Alijitazama kwa muda, kisha akaangua kicheko ambacho sikujua anacho.

"Uyu njo ninamujua!" akasema. "Uyu, ndiyo!"

Akachukua saksafoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ina mchanga kidogo ndani yake, inaanza kama mtu anayekohoa na kuishia kama mtu anayekuita kwa jina lako la utotoni. Ilijaa karakana, ikatoka nje. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Mama mwenye spaza, lile duka dogo la ng'ambo ya pili, alivuka barabara na mkoba wa viazi mkononi, akasimama dirishani. Watoto wanaotoka shule, wale wetu wanaoelewa Kiswahili lakini wanakujibu kwa Kizulu, walianza kucheza kwenye lami. Sipho, aliyekuwa amekuja na mzee, aligonga ukuta kwa viganja kama drams na kurudia neno moja tu la kusifia la vijana wa hapa: "Sharp! Sharp! Sharp!" Mimi nilikuwa nimeshika tupa na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Kisha mzee akakumbuka jambo, uso ukabadilika. "Mama Furaha asijue," akasema. "Ile meno muzuri ameshaionyesha kanisa yote."

Nikampa vikasha viwili vya kuwekea meno. Kimoja cha nyumbani, kimoja cha kazini.

Jumamosi nilikwenda naye Braamfontein. Daktari alisema niende na zana zangu, isije ikatokea lolote. Chumba kilikuwa kimoja, na wote watano walisimama ndani yake pamoja: saksafoni, tarumbeta, piano, besi na drams. Sipho alinieleza kwamba muziki huu unataka watu waonane macho. Hakuna kumrekodi kila mtu peke yake na kuunganisha baadaye. Ubaya wake ni kwamba mmoja akikosea, wote wamekosea, na inabidi kuanza upya. Mpiga tarumbeta alikuwa na mkoba wake wa safari umesimama pembeni. Mimi wakaniketisha kwenye kona juu ya kiti kisicholia, wakaniomba nisikohoe.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Roboti", kwa sababu mzee aliutunga akisubiri taa za barabarani, ambazo hapa huitwa roboti, kila asubuhi akienda kazini. Unakwenda kasi, unasimama ghafla, unaondoka tena. Walianza vizuri sana. Tarumbeta ikasema yake. Papa Birindwa akaingia, akafumba macho, akaanza kupanda, na alipokuwa juu kabisa nikaona, kabla mtu mwingine hajaona, kibanio cha kushoto kimefunguka. Bamba liliinuka. Akaitoa saksafoni mdomoni, akanitazama.

Sipho naye aliona. Hakusimama. Aliwapungia wenzake fimbo moja wanyamaze, akaanza kupiga drams peke yake, kwa hasira na kwa furaha, kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa wimbo. Mzee alinijia kwa vidole vya miguu huku anayatoa meno. Niliyapokea kwa leso, nikatafuta koleo ndani ya mkoba, nikapata tupa, nikapata kisu cha nta, nikapata kitana changu, koleo halipo. Lilikuwa mapajani mwangu muda wote. Nikakaza waya, nikayapuliza, nikamrudishia. Akavaa, akabana taya mara moja, akatingisha kichwa kumwashiria Sipho. Na aliporudi, akarudi palepale alipoachia, juu kabisa, na zile noti zilizokuwa zimemkwama zikatoka zote pamoja. Piano, besi na tarumbeta zikamwingilia nyuma. Mrekodi nyuma ya kioo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Waliposikiliza walikataa kurudia. Ndio uliomo kwenye santuri. Juzi juzi nimesikia mtu redioni akiisifu ile sehemu ya drams peke yake, jinsi ilivyopangwa kwa ujasiri katikati ya wimbo. Nanyi mkiisikia, jueni hapo mimi natafuta koleo.

Walirekodi siku nzima na kibanio hakikufunguka tena. Ulibaki wimbo wa mwisho, wa taratibu, ambao tarumbeta haipigi kabisa. Ni saksafoni inayozungumza na wengine wanaoitikia kwa chini. Niliamua kutoka nikakae upande wa kioo, maana niliogopa kupiga chafya. Nikamkuta Mama Furaha amesimama mle kwa mrekodi. Alikuwa ameleta chakula, sombe, yaani kisamvu, na samaki na bugali umefungwa kwa kitambaa ukae moto, na hakuna aliyemwambia asiingie. Nikashikwa na hofu. Mumewe alikuwa amekipa kioo mgongo, meno hayaonekani, lakini wimbo ukiisha atageuka.

Mzee akaanza. Sijui niwaelezeje. Alipiga polepole, kila noti anaikalia mpaka iwe tayari kuondoka. Mama Furaha aliuweka mfuko wa chakula sakafuni. Akasogea kwenye kioo, akaweka kiganja chake juu yake.

"Hii," akaniambia kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "alinipigiyaka kwetu, kwa baba yangu, Bukavu. Baba alimukatala mara mbili. Akarudi na saksafoni, akasimama ku mulango, akapiga hii. Ile wiki ya meno mupya alinipigia nyumbani. Nikasema iko muzuri. Nilidanganya, Mama Zubeda. Nilijua hakuko yeye. Niliogopa kumwambia, juu ni mimi nilichagua ile meno."

Nilimshika bega tu, tukasimama pale wanawake wawili wazima tunalia mbele ya kijana wa kurekodi, naye akijifanya anaangalia vifaa vyake.

Noti ya mwisho ilikwisha. Walingoja ukimya uishe nao, kisha Sipho akaweka fimbo chini. Papa Birindwa akageuka, anacheka, na akamwona mkewe kwenye kioo. Palepale akaziba mdomo kwa mkono, kama alivyoziba kwa leso siku ya kwanza aliponijia, na akaja hadi mlangoni hivyohivyo, amejiziba, macho yakimwomba radhi.

Mama Furaha alimwendea. Akamshika ule mkono, akaushusha taratibu, akayatazama yale meno mabaya niliyoyapindisha moja moja, lililorudi nyuma na lililolala, na ule mwanya wa ovyo kati yake. Aliyatazama mpaka akaridhika.

"Toa mukono, Papa," akamwambia. "Mimi niliolewaka na hii kinywa."